Sura Zikifanana, Simu Huamini Nani?

Majuzi nilikuwa Tarime, mkoani Mara, na katika siku chache nilizokaa huko mama mmoja alinisimulia jambo lililotokea nyumbani kwake. Ameniruhusu nilieleze, mradi nisimtaje jina. Nimeona nililete katika ukurasa huu wa familia, kwani lilianza na simu ya mkononi likaishia kwa mtoto kuhama nyumba.

Mama huyu huuza ndizi na mahindi sokoni, na pia ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Wanachama hukutana kila Jumamosi, na fedha zinazochangwa hulala katika simu yake hadi Jumatatu zinapopelekwa benki. Mumewe hufanya kazi Nyamongo, naye huonekana nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo waliokuwamo nyumbani siku zote ni watatu: mama mwenyewe, mwanawe wa kiume wa miaka 15, na mdogo wake wa kike aliyemfuata ziwa.

Mwaka 2024 mama alinunua simu mpya, ile ya kupapasa kioo. Ilikuwa jioni, na dukani palikuwa na taa moja hafifu. Kijana muuzaji alimwambia aitazame simu, aizungushe shingo kidogo, basi kazi ikawa imekwisha. "Mama, sasa hii inakujua wewe peke yako," akamwambia. "Hata baba akirudi haifungui." Mama akaenda zake akiwa na moyo mweupe. Namba ya siri aliyozoea kuibonyeza kila mara aliiona ni usumbufu usio na maana tena.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi ya Jumatatu, alikuta shilingi 240,000 hazimo. Taarifa ya muamala ilionyesha kwamba fedha zilitolewa Jumapili mchana kwa wakala mmoja wa stendi. Wakala, aliyehudumia watu wengi siku hiyo, hakukumbuka lolote. Nani basi? Katika nyumba ile mtu anayejua mambo ya simu alikuwa mmoja tu, yule kijana, tena mwenye marafiki wengi pale pale stendi. Alikana. Akakana tena mbele ya baba yake mdogo aliyeitwa kumhoji. Akachapwa. Mwisho ikaamuliwa aende kwa bibi yake Mugumu, wilaya ya Serengeti, akasome huko, mbali na makundi. Mama akauza mbuzi watatu akalipa fedha za wenzake.

Zikapita wiki sita. Jioni moja mama alikuwa anasonga ugali, mikono imejaa unga, simu ikalia kuashiria ujumbe. Akamwambia mdogo wake amtazamie nani ameandika. Mdogo mtu akainua simu, akaiangalia, na kioo kikafunguka.

"Niliuacha mwiko chunguni," mama aliniambia, "nikamtazama, naye akanitazama. Hakuna aliyesema neno mpaka ugali ukaungua."

Mdogo wake alikuwa na deni ambalo aliona haya kulisema. Namba ya siri ya fedha aliipata humo humo ndani ya simu, katika orodha ya majina, imeandikwa "Shangazi Mwanza". Wewe na mimi tunajua kwamba hakuna shangazi mwenye namba ya tarakimu nne. Pale stendi wakala naye alimwamkia kwa jina la dada yake.

Je, simu ilikosea? Watu wengi tumeaminishwa kwamba simu huuona uso kama tuuonavyo sisi. Sivyo. Haijui kwamba huyu ni mama na yule ni mdogo wake. Siku unapoiandikisha sura yako, hulichukua umbo la uso ikaligeuza kuwa safu ndefu ya namba, na namba hizo ndizo inazozihifadhi. Kila uinuapo simu, hupima upya na kulinganisha. Wala vipimo vya leo havilingani kabisa na vya jana hata siku moja, kwani leo umejifunga kitambaa, kesho umenyoa, keshokutwa jua limekupiga upande mmoja. Hivyo mtengenezaji hulazimika kuamua ni kiasi gani cha ukaribu kinatosha mlango ufunguke. Akikaza mno, mwenye mali atakataliwa nyumbani kwake na kuitupa simu kwa hasira. Akilegeza, jamaa zake wataingia. Watengenezaji wanataka kuuza simu, basi usishangae wengine wakilegeza.

Tena kufuli hizi si za namna moja, ingawa dukani huitwa jina moja. Simu nyingi za bei ya wastani hutumia kamera ile ile ya mbele ambayo vijana hujipigia picha; inachokiona ni picha bapa isiyo na kina. Namna ya pili ililetwa na kampuni ya Apple katika simu ya iPhone X, iliyoanza kuuzwa Novemba 2017. Hiyo hurusha usoni vidoa zaidi ya 30,000 vya mwanga usioonekana kwa macho, ikapima mabonde na miinuko ya uso. Kati ya namna hizi mbili pana tofauti kama ya komeo la mti na kufuli la chuma.

Mwezi Januari 2019 chama cha watumiaji wa bidhaa cha Uholanzi, Consumentenbond, kilitangaza matokeo ya kuzijaribu simu 110 kwa picha tu ya mwenye simu. Simu 42 zilifunguka. Utasema hiyo ni zamani. Lakini mwaka 2023 chama kama hicho cha Uingereza, Which?, kilieleza kwamba kati ya simu 48 kilizojaribu, 19 zilidanganywa na picha iliyochapwa kwenye karatasi. Ndiyo sababu zipo programu za benki ambazo hukubali alama ya kidole na kuikataa sura, katika simu hiyo hiyo moja.

Na wenye simu za gharama wasicheke. Apple yenyewe husema kwamba uwezekano wa mtu wa kubahatisha kuifungua simu yako kwa uso wake ni chini ya mmoja katika 1,000,000, lakini huongeza kwamba hesabu hiyo haiwahusu mapacha, ndugu wanaofanana, wala watoto walio chini ya miaka 13, ambao sura zao hazijakomaa. Mwezi ule ule wa Novemba 2017 ilijulikana habari ya mtoto wa miaka 10 wa New York aliyeifungua iPhone X ya mama yake kwa kuitazama tu. Mama alipoiandikisha sura yake upya, mtoto alikataliwa. Alipoiandikisha tena usiku, ndani ya nyumba, katika mwanga kama wa mara ya kwanza, mtoto akaingia. Nilipousoma mkasa huo niliikumbuka taa hafifu ya duka la Tarime.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, pengine kwa kuwa hawalijui. Simu za namna hii hujifunza. Zikikataa uso unaokaribiana na wako, na papo hapo mtu akabonyeza namba ya siri iliyo sahihi, nyingine huuchukua uso ule kuwa ni wewe katika hali ngeni, zikauongeza katika kumbukumbu. Mzazi anayempa namba yake mtoto aliyemzaa akafanana naye anaifundisha simu kumpokea mtoto huyo. Hapana ubaya, kama ndivyo anavyotaka.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo sababu ya ziada ya kuwa macho. Desemba 2019 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa taarifa baada ya kupima programu 189 za kutambua sura, kwa kutumia picha zaidi ya milioni 18. Ilionekana kwamba makosa ya kumdhani mtu mmoja kuwa ni mwingine yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki, na machache zaidi kwa watu wa Ulaya ya Mashariki. Katika programu nyingi tofauti ilikuwa mara 10 hadi 100. Wanawake nao walikosewa zaidi kuliko wanaume. Taarifa ile haikupima kufuli za simu, hivyo tusiibebeshe isiyoyasema. Lakini chombo hujifunza kutokana na nyuso kilizoonyeshwa, na kilichoonyeshwa nyuso chache za watu wetu hakiwezi kututenganisha vyema. Mchungaji wa Tarime humtambua kila ng'ombe wake katika zizi la watu kumi. Mgeni kutoka mjini huona ng'ombe tu.

Hata simba wa Serengeti wana bahati kutushinda katika jambo hili. Watafiti wanaowafuatilia tangu miaka ya 1960 hawategemei sura ya jumla ya mnyama. Huandika mpangilio wa vidoa vilivyo kwenye mizizi ya masharubu, upande wa kushoto na wa kulia, pamoja na chanjo na mipasuko ya masikio. Wanatafuta kile ambacho simba hashirikiani na ndugu yake. Kamera ya simu ya bei nafuu haiendi umbali huo.

Nisieleweke kwamba napinga kufungua simu kwa sura. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, kazi iliyoanza Mei 2019 na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, wapo wakulima na wachimbaji ambao vidole vyao, kwa kusuguliwa na jembe na mawe, vilikataliwa na mashine mara baada ya mara. Mtu wa namna hiyo akipata kufuli inayomwelewa bila kudai kidole laini, ana haki ya kufurahi. Na kufuli dhaifu ni bora kuliko simu iliyo wazi kabisa; mwizi wa stendi hana sura yako wala picha yako. Adui ambaye kufuli hii humzuia vibaya ni yule anayekula nawe sahani moja, au anayekukuta umelala. Mwaka 2019 simu ya Pixel 4 ya Google iligunduliwa kuwa inafunguka hata mwenyewe akiwa amefumba macho, na marekebisho yakaja mwaka uliofuata. Wale ndugu zangu wanaosinzia mezani baa, simu ikiwa kando ya chupa, nadhani wamenielewa.

Kwa hiyo ijaribu simu yako leo hii, kabla hujalala. Mpe ndugu yako, mpe mwanao, waitazame wote mmoja baada ya mwingine. Inyoshee picha yako ya kitambulisho au ya ukutani. Ikifunguka, ondoa sura na urudie namba ya siri, tena ya tarakimu sita ikiwezekana, isiyokuwa mwaka wa kuzaliwa. Isipofunguka, hakikisha umeiandikisha sura yako mchana, mahali penye nuru, na kama simu ina sharti la kutaka macho yawe wazi, liwashe. Namba ya siri ya fedha ni jambo la peke yake. Isifanane na ya kufungulia simu, wala isilale humo ndani kwa jina la shangazi, mjomba au fundi bomba. Na jambo linalosahaulika zaidi ni laini. Mwizi akiichomoa na kuitia katika simu nyingine, sura yako haina kazi tena. Laini nayo huwekewa namba yake ya siri katika mipangilio ya simu. Uiweke kwa uangalifu, kwani ukikosea mara tatu laini hujifunga.

Mama wa Tarime amekwisha kuyafanya hayo yote. Kikundi kimemwacha katika cheo chake, ila sasa fedha za Jumamosi hazilali kwake peke yake. Kutoa chochote ni lazima watu wawili wawepo. Mdogo wake amekwisha kurudisha shilingi 150,000, na bado wanakaa nyumba moja, jambo ambalo nakiri lilinishangaza.

Lililobaki ni la kijana. Wale kina dada wawili walipanda basi wakaenda Mugumu kumwomba radhi, mama akiwa amemshonea suruali mpya ya shule. Kijana aliwapokea vizuri, akawaamkia mmoja mmoja, akamsikiliza mama yake mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba amekwisha kuzoea shule ya huku, na kwamba bibi hana mtu wa kumsaidia ng'ombe. Akachukua fimbo yake akatoka. Ile suruali, bibi alisema baadaye kwa simu, ameivaa.