Twendeni Lac Vert

Wakaaji wa Goma, ndugu zangu wa Birere, Majengo, Katindo, Himbi na Ndosho, nina ombi moja kwenu. Jumapili moja ambayo usalama utaruhusu, chukueni watoto twende Lac Vert na Bulengo. Unafuata barabara ya Sake mpaka Mugunga, kisha unashika mkono wa kushoto kuelekea ziwani. Motari wote wanapajua. Wengi wetu tumeishi mji huu tangu kuzaliwa na hatujafika huko, au tulifika mara moja tu kupeleka msaada kambini kwa waliokimbia vita.

Kule kuna maziwa mawili yaliyotengwa na ukingo wa kilima. Dogo limejaa ndani ya kinywa cha volkeno ya zamani, na maji yake ni ya kijani kweli. Panda ukingo taratibu, simama juu. Nyuma yako kijani, mbele yako Kivu ya bluu mpaka macho yachoke, na hapo karibu kisiwa cha Tchegera kimejikunja kama mwezi mchanga. Nacho ni ukingo wa volkeno, ila ile ilizama ziwani na kuacha mgongo tu nje ya maji. Kisiwa hicho ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925 na ndiyo ya kwanza katika Afrika nzima. Ukigeukia kaskazini-mashariki unaiona Nyiragongo yenye mita 3,470, mlima uleule uliotukimbiza Januari 2002 na tena usiku wa 22 Mei 2021. Kwa mtoto wa Goma ambaye mlima huo amewahi kuuogopa tu, kuuona kutoka pale, umetulia, na kuelezwa kwamba ardhi anayokanyaga, ukingo aliopanda na kisiwa anachokitazama vyote vimetoka kwenye moto uleule, ni somo ambalo hakuna ubao wa darasani unaoweza kulitoa.

Fikeni asubuhi na mapema, hasa siku ambazo mwezi haukuwaka usiku. Ndipo wavuvi wa sambaza wanarudi. Mitumbwi mitatu imefungwa ubavu kwa ubavu, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma, taa zimezimwa, wavu umekunjwa ukiwa bado unatiririsha maji. Wamekesha kule katikati, kwa maana sambaza hufuata mwanga wa taa gizani, na wanapiga makasia kwa wimbo, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Samaki hao wadogo si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hatujui tungekula nini bila wao. Wamama wanawapokea pale pale kwenye mawe meusi, wanapima kwa kikombe. Nunueni hapo, ndugu zangu. Mwombeni mama mmoja awakaangie kwa chumvi na pilipili, muwale kwa bugali wa moto mkitazama mdiria akining'inia hewani kabla ya kujitupa majini.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Zamani vijana wa pwani hii walipata kitu kutoka kwa wageni: kuwapandisha kilimani, kuwavusha kwa mtumbwi, kuwauzia samaki. Wageni hao hawapo tena. Vita vilikaribia, watu waliokimbia makwao walijaa Bulengo, Lushagala na Mugunga, na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia watu waliokuwa wamejikinga kwa turubai tu, huko huko Lac Vert na Mugunga. Januari 2025 vita viliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, na kambi zikavunjwa. Pwani hii imebaki na majivu ya mafiga, visiki vya miti iliyokatwa kwa kuni, na vijana wanaojua kila njia ya kilima bila mtu wa kumwonyesha. Mzungu mwenye kamera hatarudi kesho. Mgeni wao aliye karibu ni wewe na mimi. Kwa hiyo usiende kama mtu anayejua yote kwa sababu ni mkaaji. Ukifika, salimia wazee, uliza nani anaongoza watu, patana naye bei, umlipe. Hata kama ni kidogo, ni pesa ya jasho, na kijana wa pale ataipokea kwa kichwa kilichoinuka kuliko alivyopokea unga wa msaada.

Kuna sababu nyingine kubwa ya kumchukua mwongozaji huyo, na hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri: mazuku. Katika ardhi hii ya Bulengo, Mugunga mpaka Sake, hewa ya kaboni hutoka chini na kukaa kwenye mabonde madogo ya mawe. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, haina rangi, na inakaa chini pale pale anapofika mbuzi au mtoto. Mtu mzima amesimama hajisikii vibaya, na mwanawe aliyeinama kuokota jiwe anazimia. Alfajiri isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo mkifika mapema msitembee bila mwongozaji. Wenyeji wanavijua vishimo hivyo kimoja kimoja, na wanajua pia dalili zake, majani yaliyonyauka peke yake au ndege aliyekufa bila jeraha. Basi msitandike nguo ya kupumzikia bondeni, msiruhusu watoto watangulie, na msiache njia inayotumika kila siku. Vita navyo viliacha vyuma porini: mkikuta kitu msichokijua, msikiguse, mwambieni mwenyeji.

Kuhusu maji, tuna bahati ambayo maziwa mengi ya Afrika hayana. Kivu haina mamba. Lakini hatua chache kutoka ukingoni sakafu inaanguka ghafla, na katikati kina kinafikia mita 480 hivi. Wengi wetu tulikulia kando ya ziwa hili hatujui kuogelea. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova limejaa kupita kiasi lilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka nchi kavu, na makumi ya ndugu zetu hawakurudi. Kwa heshima yao, usipande mtumbwi bila jile la kuelea, hata kama ni kwenda na kurudi tu, hata kama mwenye mtumbwi anacheka. Akisema hana, mshukuru na ubaki nchi kavu. Tukikataa wote, atatafuta. Na wewe unayejua kuogelea, fundisha watoto wawili wa jirani pamoja na wako, kwenye maji ya kiunoni.

Sasa chupa. Maji tunayochezea Jumapili ndiyo hayo hayo ambayo Jumatatu wamama na watoto wanayachota kwa bidoni za njano, na ndiyo sababu tunaona watu wakisimama ukingoni na klorini kila kipindupindu kinapoinuka. Chupa ya jusi unayoiacha juu ya mawe haikai hapo. Ziwa hili hutoka upande wa kusini, kwa mto Ruzizi, na takataka za pwani zote zinasukumwa huko mpaka zinaziba mitambo ya umeme ya Bukavu. Mafundi wamekuwa wakiingia majini kuzitoa kwa mikono, huku mji umekaa gizani. Nendeni na mfuko mtupu, mrudi nao umejaa takataka, zenu na za wengine. Hii si salongo ya kulazimishwa, hakuna atakayepita kuwahesabu. Ni adabu ya mtu aliyekula nyumbani kwa watu.

Nanyi mnaojenga pwani, mnaonunua viwanja kutoka Himbi mpaka Kyeshero na sasa mnaelekea Lac Vert, nawaomba kwa heshima yote. Katika sehemu kubwa ya mji tayari ukuta umegusa maji, na mtoto wa Birere anaweza kukua karibu na ziwa Kivu bila kuligusa isipokuwa akiwa amebeba bidoni. Bulengo bado kuna nafasi. Acheni njia ya kupita mpaka majini, upana wa watu wawili wenye mzigo, msiifunge kwa geti. Wavuvi wataipita, wachota maji wataipita, na sisi wa Jumapili pia. Wakuu wa kartie na wa avenyu, njia hizo ziandikeni sasa, kabla kiwanja hakijauzwa mara tatu.

Walimu, ninyi ndio ningependa mtangulie. Chagueni darasa moja tu, la watoto wa miaka kumi na kuendelea. Ongeeni na wazazi na wazee wa Lac Vert, mchukue waongozaji wawili wa pale, kila mtoto aje na maji yake ya kunywa na daftari. Wachore kinywa cha volkeno kutoka juu ya ukingo, wamuulize mvuvi kwa nini havui mbalamwezi ikiwaka, wahesabu ndege. Wakirudi wawaeleze wenzao wa darasa jingine, nalo liende wiki inayofuata.