Ngoma ya Kwetu Inaingia katika Mashini

Tuseme wazi. Katika studio nyingi za mji wetu wa Goma, kijana anawasha ordinatere, anafungua FL Studio, anachukua ngoma zilizokuja ndani ya programu, na baada ya dakika kumi wimbo "wa utamaduni" umepata midundo. Juu yake anaweka maneno ya Kihunde ao ya Kinande, na kwenye video anavaa ngozi. Ngoma yenyewe iko wapi? Ukimuuliza, anajibu: "Ya kwetu haiingiakamo." Sisi tunasema huo ni uongo.

Mpango wa funguo ulitoka wapi? Mwaka 1991 watengeneza vyombo walikubaliana kanuni moja, General MIDI. Sauti 47 za kupiga zilipewa namba, kuanzia 35 hadi 81. Namba 36 ni ngoma kubwa ya mguu, 38 ni ile yenye waya, 42 ni matoazi yaliyofungwa. Zimo bongo na konga za Kuba, cuica ya Brazili, hata agogo, jina la Wayoruba. Ya Kivu hakuna hata moja. Lakini kanuni ile ni orodha ya anwani tu, si katazo. Namba 36 haijali ni nani anakaa ndani yake, na programu za leo zinakubali uweke sauti yako mwenyewe kwenye kila ufunguo.

Basi kazi ni ya mikono. Ngoma moja si sauti moja: kuna pigo la katikati, la ukingoni, la kiganja kinachobaki juu ya ngozi na kuizima, na la fimbo kwenye mti. Kila pigo lipewe ufunguo wake. Tena lirekodiwe mara nyingi, polepole na kwa nguvu, kwani MIDI inapima nguvu ya pigo kutoka 1 hadi 127. Ukiweka rekodi moja tu, mashini inairudia kama kasuku. Pigo la wazi na lile la kuzima yawekwe katika kundi moja, ili la pili likate la kwanza, kama mkono unavyofanya. Njo vile tu. Inaomba siku moja, mikro moja, na saa ambayo jenereta ya jirani imenyamaza. (Hiyo ya mwisho njo ngumu.)

Halafu kuna vyumba. Programu inakuonyesha vyumba 16, na midundo mingi ya kwetu inatembea kwa 12, tatu tatu na mbili mbili pamoja. Ukiilazimisha katika 16 inachechemea, na wachezaji wanajua kwa miguu. Badilisha idadi!

Tuangalie Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956, Candi Rureke alipoimba habari za Mwindo mbele ya Biebuyck, vijana watatu walikuwa wanapiga mti mmoja uliolazwa. Ukibandika pigo moja kwenye ufunguo mmoja, umepata sauti ya mti, lakini umepoteza mazungumzo ya hao watatu. Inabidi njia tatu, na watu watatu watie vidole, si mmoja na kipanya chake.

Kuna bazee wanaosema mashini inaua mila. Kwa heshima yote, hatukubali. Tangu 2022 vita ilileta hapa watu wengi wa Masisi na Rutshuru. Walikaa Kanyaruchinya na Bulengo, na mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjwa. Anayekimbia anabeba mtoto na sufuria, habebi ngoma. Mapigo yanabaki katika mikono yake tu, na mikono inazeeka.

Na wewe wa studio, ukimuita mzee arekodi, usimpe soda moja na kwaheri. Alipwe siku ileile. Jina lake na la kijiji chake liandikwe kwenye faili, kwani faili hiyo itapita kwenye simu na flashi mpaka Bukavu na Kampala, na huko hakuna atakayeuliza ni nani alipiga.