Mbwa Asiwe Mgeni wa Kuwaua Wenyeji

Imekuwa desturi kwa wakazi wengi wa miji yetu kufungasha hema na sufuria mwishoni mwa juma, wakaenda kupiga kambi porini. Hili ni jambo la kupongezwa, kwani kwa muda mrefu wapo waliodhani kwamba mandhari ya nchi hii yaliumbwa kwa ajili ya watalii pekee. Hata hivyo, miongoni mwa wasafiri hao wamo wanaoandamana na mbwa wao, na wanapozuiwa langoni hulalama kwamba wameonewa. Kwa maoni yangu, hawajaonewa hata kidogo.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) haliruhusu mbwa wa kufugwa katika mbuga zake. Anayekusudia kulala katika kambi za Hell's Gate au Ziwa Nakuru hana budi kumwacha mbwa nyumbani. Wengi hudhani kwamba kisa ni meno, yaani mbwa atawafukuza swara. Hilo lipo, lakini hatari iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Imo katika mate na pumzi ya mbwa.

Mnamo 1994, maradhi ya mbwa yaitwayo distempa yalizuka miongoni mwa simba wa Serengeti, yakavuka mpaka hadi Maasai Mara. Takriban simba 1,000 waliangamia, yaani thuluthi moja ya simba wa Serengeti. Wataalamu walibaini kwamba virusi hivyo vilifanana na vya mbwa waliofugwa vijijini kandokando ya mbuga. Baadaye waligundua pia kwamba ukame wa 1993 na vimelea viletwavyo na kupe vilizidisha makali ya maradhi hayo. Kabla ya hapo, mwaka 1989, kichaa cha mbwa kilikuwa kimeangamiza kundi la mbwa mwitu karibu na Mara. Ama kweli, simba asiyetishwa na nyati alishindwa na ugonjwa wa mnyama alalaye mlangoni petu.

Mimi ni mwanaisimu, si daktari wa mifugo, lakini naona lugha nayo imetuhadaa kidogo. Tusemapo "kichaa cha mbwa", tunadhani huo ni ugonjwa wa mbwa peke yake. La hasha! Humpata ng'ombe, punda, mbweha na binadamu, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na karibu wote huwa wameambukizwa na mbwa. Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Mpango huo hauwezi kufaulu iwapo mbwa wasiochanjwa watasafirishwa huku na huko kwa ajili ya starehe.

Najua nitapingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mbwa ni mlinzi. Naam, ni mlinzi mjini. Porini, chui humwona mbwa kuwa kitoweo, na mbwa aliyemchokoza nyati hukimbilia kwa bwana wake, nyati akimfuata nyuma. Aidha, mbung'o wa baadhi ya mbuga zetu waweza kumwambukiza nagana, akarudi nyumbani kufa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mbona mbwa wa wafugaji wamo huko huko, tena kwa wingi? Mbwa wa mfugaji ana kazi ya kulinda mifugo dhidi ya fisi, na bwana wake hana pengine pa kumpeleka. Mbwa wetu huenda kwa matembezi tu. Tutapataje uso wa kumhimiza mchungaji aishiye mbali na daktari awachanje mbwa wake, ilhali sisi wenye gari na mshahara twapeleka wetu bila hata cheti?

Sisemi kwamba mbwa afungiwe uani maisha yake yote. Msitu wa Karura jijini Nairobi huruhusu mbwa waliofungwa kamba, na wapo wenye viwanja vya kambi, mbali na mbuga, wanaowapokea. Mwenye kiwanja aulizwe mapema. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa na distempa kabla ya safari, afungwe kamba, na kinyesi chake kiokotwe. Ikitokea amemng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Asingoje kuona dalili, kwani zikionekana huwa kumekucha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbwa anayeingizwa mbugani kwa siri huipindua methali hiyo: mgeni huja, mwenyeji akafa. Ampendaye mbwa wake, na aipendaye nchi hii, amwachie jirani mwema kwa siku mbili. Akirejea atamkuta mzima, na simba nao watakuwa wazima.