Ua Lisilongoja Asubuhi

Ukienda Dar es Salaam kumtembelea ndugu yako wa Kinondoni au Temeke, pengine utakuta mbele ya nyumba yake, ndani ya debe kuukuu, mmea uliolegea kama mikanda mipana ya kijani. Hauna umbo la kupendeza. Usimcheke mwenyeji wako. Huo ni jamaa ya dungusi, na asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Bwana de Candolle, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, aliuandika kitabuni mwaka 1828.

Wasioujua huung'oa, wakisema umekaa miaka bure. Hasara yao! Tumba lake huning'inia wiki kadhaa. Siku utakapoona limeinua shingo, limevimba, na weupe wachungulia, waite majirani jioni ileile. Saa mbili au saa tatu ua laanza kufunguka. Karibu na saa sita limekunjuka lote, jeupe, urefu wapita shibiri, na manukato yake yamejaa nyumba. Alfajiri limenyauka kama kitambaa kilicholowa maji.

Mbona lipoteze uzuri wake gizani? Halipotezi kitu. Huko kwao wako nondo wakubwa, wenye ulimi mrefu, ambao saa zao za kazi ni usiku. Weupe huwaonyesha njia, na harufu huwaita kutoka mbali. Huku kwetu ni nadra kuona tunda lake, maana vipande tunavyogawiana mara nyingi ni vya shina moja, na ua hili halizai kwa chavua ya nafsi yake.

Ninyi wa vijijini mnaye mwenzake, si wa ukoo bali wa tabia: mbuyu. Nao hufungua maua yake jua likichwa, na kesho yake yaanguka. Harufu yake si ya kujipaka (wala sikushauri ujaribu), lakini popo huifuata, na wakinywa asali ya maua hubeba chavua toka mbuyu huu hadi ule. Basi mtoto awapigaye popo mawe, kisha aomba fedha ya ubuyu, msimulie habari hii.

Ukitaka ua hili la usiku, omba kipande cha shina. Kiache kivulini siku chache hata jeraha likauke, kisha ukichomeke katika udongo mwepesi wenye mchanga, mahali pa jua la asubuhi tu. Lakini usikate mnyaa wa uani kwa kudhani ni ndugu yake. Utomvu wake hudhuru macho vibaya.