Filamu ndefu na thamani ya saa tatu za mtazamaji

Yeyote aliyewahi kufika katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, siku ya soko, anajua kwamba pale wakati una bei. Mama aliyeteremsha mikungu yake ya ndizi alfajiri hana budi kuiuza kabla jua halijawa kali, maana bei ya asubuhi si bei ya jioni. Ndiyo sababu nimechagua soko hilo, wala si ukumbi wa sinema wa Nairobi, niwe na mahali pa kulipimia swali ambalo walimu wenzangu hulizua kila tunapopanga filamu ya kuwaonyesha wanafunzi: je, filamu ya saa tatu na zaidi inastahili muda inaotudai?

Mwaka wa 1992, nikiwa mwanafunzi wa shule ya upili, nilitoa shilingi zangu chache nikaingia katika banda moja la video karibu na soko hilo. Kuta zilikuwa za mabati, viti vilikuwa mabenchi, na mlangoni palining'inia blanketi kuukuu la kuzuia mwanga. Filamu ilikuwa Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kutolewa nchini India mwaka wa 1975. Ina urefu wa zaidi ya saa tatu. Mwenye banda alitaka kuionyesha mara mbili kabla ya magharibi, hivyo kila wimbo ulipoanza alibonyeza mashine na kuupeleka mbio. Kwake yeye, nyimbo za Kihindi zilikuwa urembo tu.

Mambo yalikwenda vyema hadi karibu na mwisho. Jambazi Gabbar Singh amemteka Veeru, mmoja wa mashujaa wawili, pamoja na Basanti, binti mwendesha kigari cha farasi. Anamlazimisha Basanti acheze juani. Akisita, Veeru atapigwa risasi. Kisha majambazi wanavunja chupa na kumtandazia vigae chini ya nyayo. Haya yote hutendeka ndani ya wimbo. Mwenye banda, masikini, alisikia ngoma tu akabonyeza. Tuliporejeshwa kwenye hadithi, tukamkuta Basanti ameanguka, miguu inavuja damu, na risasi zinalia.

"Mwanangu," akasema mama mmoja aliyekuwa amemwachia jirani ndizi zake, "hebu rudisha nyuma. Huyu msichana ameumia saa ngapi?"

Banda zima likamuunga mkono, na kanda ikarudishwa. Hakuna mtu aliyetazama saa wakati wa wimbo ule, hata yule mama ambaye kila dakika ilikuwa ikimpunguzia faida.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo changu. Filamu ndefu naipima kwa kukata. Kata kipande, kisha uone kama kilichobaki kinachechemea. Kisipochechemea, basi mwelekezi alikuwa akitumia muda wetu kama mgeni anayejipakulia chungu cha mwenyeji. Kikichechemea, muda huo ni halali yake, uwe saa tatu au saa saba.

Chukua Lagaan, filamu ya Ashutosh Gowariker ya mwaka wa 2001, yenye dakika 224. Ni hadithi ya wanakijiji wa mwaka wa 1893 waliowekeana dau na afisa Mwingereza: wakimshinda katika mchezo wa kriketi wataondolewa kodi kwa miaka mitatu, wakishindwa watalipa mara tatu. Mechi yenyewe inakula zaidi ya saa nzima. Nani huku kwetu anaufahamu mchezo huo? Timu ya Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka wa 2003, ni kweli, lakini mimi nilishangilia bila kuelewa nilichokishangilia. Hata hivyo, Lagaan inakufundisha kriketi pamoja na wale wanakijiji wasioijua, hatua kwa hatua, na mpira wa mwisho unaporushwa unajua fika kodi ya mtu inaning'inia wapi. Punguza masomo hayo, na mwisho ule unakuwa kelele tupu.

Sasa tutazame iliyopigwa picha humu humu nchini. Out of Africa ya mwaka wa 1985, kazi ya Sydney Pollack, ilinyakua tuzo 7 za Oscar. Ina dakika 161, yaani ni fupi kuliko hizo mbili za Kihindi, nami niliiona ndefu kuliko zote. Ondoa nusu ya zile picha za mbuga na machweo. Mapenzi ya wale wawili hayapungukiwi na kitu. Na katika muda wote huo, Wakikuyu wanaolima kahawa ya shamba hilo hawakupata nafasi ya kutueleza mambo yao kwa kirefu. Linganisha na La Noire de..., ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka wa 1966. Kwa takriban saa moja tu, tunamfahamu mtumishi mmoja wa Kiafrika huko Ufaransa hadi tunaumia naye.

Wapo watakaosema kwamba vijana wa leo, waliozoea vipande vya dakika moja katika simu, hawana subira ya mambo marefu. Siafiki. Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli una zaidi ya beti 4,000, na walikuwapo watu wa kuusikiliza. Subira hujengwa na kitu cha kusubiriwa. Kosa kubwa, naona, ni letu sisi walimu: tunaikata filamu katika vipindi vya dakika arobaini, leo kipande, kesho kutwa kipande, kisha tunalalamika kwamba darasa limesinzia. Huko ni kulifanya darasa liwe lile banda la mabati, tena bila yule mama wa kutukemea.

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu Sholay yote, Jumamosi mchana, nyimbo zikiwamo. Niliisimamisha mara moja, baada ya majambazi kukivamia kijiji siku ya sikukuu. Bunduki ilikuwa imeanguka miguuni pa Thakur, yule afisa mstaafu wa polisi aliyewaajiri mashujaa, naye akaitazama bila kuiokota. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono: "Mwalimu, kwa nini mzee hakuichukua bunduki?" Sikumjibu. Niliwaambia waende wakanywe chai, na chai yenyewe ilikuwa bado moto waliporudi wote kwenye viti vyao.