Katika Vitabu vya Zamani: Nasaba ya Mke wa Mkulima wa Georgia



Wengi wetu tusomapo sura ya kwanza ya Mathayo huyapita majina yale upesi, tukitamani kufika kwenye habari yenyewe. Walakini asomaye kwa utulivu ataona ya kuwa katikati ya wanaume wengi wametajwa wanawake wachache kabla ya Mariamu: Tamari, Rahabu, Ruthu, na wa nne hakutajwa kwa jina lake, illa kama mke wa Uria. Jambo hili la mwanamke kujulikana kwa jina la mumewe limewatesa watafuta nasaba wa nchi nyingi. Mwezi huu twapenda kulieleza kwa habari ya watu wa mbali, wakulima wa kusini ya Marekani wenye asili ya Kijerumani (wazee wetu wangaliwaita Wadachi), kwa kuwa vitabu vyao vilitunzwa vema kuliko vya wengi, na hata hivyo vina mapengo makubwa.

Mwaka 1731 Firmian, Askofu Mkuu wa Salzburg, alitoa amri ya kuwafukuza Waprotestanti katika nchi yake. Wasio na mali walipewa siku nane tu, na majira ya baridi yalikuwa yamekaribia. Watu kama 20,000 walitoka. Wengi walikwenda Prussia, bali kundi dogo lilivuka bahari, likafika Georgia mwezi wa Machi 1734, likapaita mahali pao Ebenezeri, yaani jiwe la msaada. Udongo ulikuwa mbaya, magonjwa yakawaua wengi, na mwaka 1736 wakahamia ukingoni mwa mto Savannah. Wachungaji wao wawili, Boltzius na Gronau, waliokuwa walimu katika shule za Halle, walioa katika kundi lile lile mtu na dada yake. Basi tangu mwanzo watu wa Ebenezeri wakawa wakwe na mashemeji wao kwa wao, na atafutaye habari zao hukuta majina yale yale yakizunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta.

Sasa tuseme yuko mama mmoja, mke wa mkulima wa wilaya ya Effingham, aliyelima pamba na viazi pamoja na mumewe mwaka 1900, na wazao wake wataka kujua alikotoka. Waanzie wapi? Waanzie karibu, wala wasirukie Salzburg kwa haraka ya kujisifu. Kwanza waifungue Biblia ya nyumbani, maana watu wale walikuwa na desturi ya kuandika ndoa, vizazi na vifo katika kurasa zilizo kati ya Agano la Kale na Agano Jipya. Kisha waende kwenye daftari za serikali za hesabu ya watu. Mwaka 1900 karani alimwuliza kila mwenye nyumba mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwa kila mtu wa nyumbani. Na kwa akina mama aliuliza zaidi, watoto wangapi umezaa, na wangapi wangali hai. Mama akijibu tisa, kisha sita, basi tofauti ile ya watatu mara nyingi ndiyo habari pekee iliyosalia ya watoto waliozikwa. Karani yule aliandika tarakimu mbili tu, akaenda nyumba ya pili.

Nyuma ya hapo pana shimo. Daftari za mwaka 1890 karibu zote ziliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921, hata mtafutaji hana budi kuruka miaka ishirini mpaka 1880. Huko mama wetu ni msichana nyumbani kwa babaye, naye ana jina jingine la ukoo. Asiyelijua jina lile hampati kamwe. Yampasa kwanza atafute kitabu cha ndoa cha wilaya. Akilipata, aweza kurudi nyuma mpaka 1850. Kabla ya mwaka huo aliyeandikwa jina ni mkuu wa nyumba peke yake, na mkewe na wanawe wamehesabiwa kwa umri wao tu. Zaidi ya hayo, daftari za Georgia za mwaka 1790 na 1810 zimepotea.

Hapo ndipo kanisa linapofaa. Kitabu cha Ebenezeri cha ubatizo, ndoa na maziko, tangu 1754 hata 1781, kingalipo. Na shajara walizoandika wachungaji zilichapishwa na Urlsperger, aliyekuwa msaada wao. Lakini msomaji awe macho. Wajerumani wa zamani waliliongezea jina la ukoo la mwanamke silabi mwishoni, hata binti wa Müller akaandikwa Müllerin, na asiyejua adhani ni ukoo mwingine. Watoto wengi walibatizwa kwa majina mawili, Anna Maria, Anna Barbara, kisha wakaitwa kwa lile la pili. Nao Waingereza walivyozoea lugha yao wenyewe, Schmidt akawa Smith, na Zimmermann, fundi wa mbao, akawa Carpenter. Walimu mnaotunza daftari za ubatizo, mwaona faida ya kuandika jina la mama kamili, na jina la baba yake, wala si «mke wa fulani»? Ni mstari mmoja tu wa wino.

Kanisa la matofali walilolimaliza mwaka 1769 lingali linasimama, na katika matofali mengine huonekana alama za vidole. Husemwa ni vya watoto walioyabeba kabla hayajakauka.

Walakini iko habari nyingine, nayo ni nzito. Mwaka 1735 utumwa ulikatazwa Georgia, na mwaka 1739 watu wa Ebenezeri walimwandikia Oglethorpe wakiomba katazo lile lisiondolewe. Boltzius alishindana muda mrefu, kisha akalegea. Tangu mwaka 1751 watumwa waliruhusiwa, na nyumba za wale waliofukuzwa kwa ajili ya imani yao nazo zikaanza kununua watu. Katika daftari za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa mbali: jina la bwana, kisha umri, mume au mke, na rangi. Majina yao hayamo, isipokuwa ya wachache mno. Yakiwapo mahali, yamo katika orodha za mirathi, pamoja na bei, baada ya nyumbu au kabla ya sufuria.

Mjukuu wa mama wetu akifika ukurasa huo, wako waufungao upesi na kurudi kwenye habari za wahamishwa. Sisi twaona wanakosa. Mwaka 1870 ndio wa kwanza ambao Weusi wote wa nchi ile waliandikwa kwa majina yao katika hesabu ya watu, na mzao wao atakaye kupita nyuma ya hapo mara nyingi hana njia illa kwa karatasi za waliowamiliki babu zake: wasia, barua, kitabu cha hesabu ya shamba, pengine Biblia yenyewe. Karatasi hizo nyingine zimo kabatini mwa nyumba za wakulima, nao wenyewe hudhani ni habari za ukoo wao tu. Wako wazao wa wenye mashamba wanaozinakili na kuzitoa, jina kwa jina na mwaka kwa mwaka, na kwa kazi hiyo watu wasiojuana hapo kwanza wamekutana wakiwa wametoka katika shamba moja.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaeleza namna ya kuzikinga daftari za kanisa na mchwa na unyevu, kama walimu wawili walivyotuuliza kwa barua.