Baraka: Gari la matangazo linalia sana, lakini ujumbe haufiki

Katika mji wa Baraka na wilaya nzima ya Fizi, gari lenye bafle juu ya paa ni chombo cha habari. Linatangaza chanjo, mkutano wa injili, mechi ya mpira, mgeni wa siasa. Kwa mama anayeuza samaki sokoni, asiye na radio wala simu ya intaneti, sauti hiyo ndiyo gazeti lake.

Shida ni kwamba mara nyingi anapata mdundo tu. Gari linapita, mabati yanatetemeka, kisha wakaaji wanaulizana: «Wamesema nini?»

Jambo hili si dogo. Ukanda wa ziwa Tanganyika, Fizi ikiwemo, unarudiwa na kipindupindu mara kwa mara. Mtu akikosa kusikia ni wapi maji yametiwa dawa, au chanjo inaanza siku gani, kelele hazitamsaidia kitu.

Chanzo ni nini? Gari lile lile linalocheza muziki kwenye arusi Jumamosi ndilo linalokodiwa Jumatatu kwa matangazo ya afya. Vifungo vya ampli vinabaki vile vilivyokuwa kwenye arusi: besi juu kabisa, na kifungo cha GAIN mpaka mwisho. Wengi wanadhani kifungo hicho kinaongeza nguvu. Sivyo. Kazi yake ni kulinganisha ampli na sauti inayotoka kwenye radio au mikro. Kikizidishwa, ampli inafika kikomo chake na kukata ncha za mawimbi ya sauti. Hapo maneno yanakwaruza, na bafle zinapata joto hadi kuungua.

Besi nayo haibebi maneno. Bafle kubwa ya besi hufanya kazi hasa chini ya herzi 100. Sauti zinazotofautisha neno moja na lingine ziko juu zaidi, nyingi kati ya herzi 1000 na 4000. Besi ikizidi, inazifunika.

Kununua ampli kubwa hakuponyi ugonjwa huu. Kutoka wati 200 hadi 400 ni nyongeza ya desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Ili mtu asikie sauti kama imeongezeka mara mbili, zinahitajika karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Tena ampli ya wati 400 inaweza kuvuta ampea 50 kwenye batri ya volti 12. Shofere akizima mota sokoni ili kuokoa mafuta, volti zinashuka na sauti inaharibika mapema zaidi.

Dawa haigharimu franka nyingi. Fundi arudishe GAIN chini kabisa na kuondoa nyongeza zote za besi. Aweke sauti ya radio kwenye robo tatu, kisha apandishe GAIN polepole. Akisikia mkwaruzo, arudi nyuma kidogo na kuacha hapo. Bafle ya besi ikatwe kwenye herzi 80 hivi. Wakati wa kusema, izimwe kabisa. Kisha afanye vilevile na mikro, mtu akiongea kwa sauti yake ya kawaida.

Kazi kubwa zaidi ni ya wanaolipa. Mashirika, makanisa na viongozi hukodi gari kwa kuangalia ukubwa wa bafle. Wangefanya vizuri kulijaribu kabla halijaondoka kuelekea Lusenda, Nundu au milima ya Fizi: mtu mmoja asome tangazo, mwingine asimame hatua hamsini na kulirudilia neno kwa neno, kwa Kiswahili na kwa Kibembe. Akishindwa, gari lisitoke.

Mlipaji anayehesabu wati amenunua kelele. Ahesabu watu walioelewa tarehe ya chanjo.